Ukija Lisbon, anzia kwenye dhahabu ya Kilwa

Watu wakisikia naishi Lisbon wananitumia meseji wakiwa tayari na tiketi, wanauliza tu niende wapi nikaone nini, na listi wanazokuja nazo zote zinafanana: mnara wa Belém, ile tramu ya njano namba 28, vile vikeki vya kastadi, selfi kwenye vilima, basi. Siwazuii, vyote hivyo ni vizuri kweli na mi mwenyewe navipenda. Ila nimezaliwa na kukulia Kilwa Masoko, na kwa mtu wa pwani yetu kuja huu mji akazunguka siku zake zote akaondoka bila kukiona kitu kimoja nitakachokieleza hapa, naona bado hajafika.

Kitu chenyewe hakiko Belém wala hakiko katikati ya mji. Kiko Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya sanaa za zamani, mtaa wa Janelas Verdes, jengo la manjano juu ya mto. Wengi wanapita chini yake na treni ya kwenda Belém bila kujua. Kinaitwa Custódia de Belém. Ni chombo cha kuonyeshea Ekaristi, Wakatoliki wanakiita monstransi, kimetengenezwa kwa dhahabu na rangi za enameli, kimo ndani ya kabati la kioo, urefu wake kama sentimita 73 hivi. Anayetajwa kukitengeneza ni Gil Vicente. Kuzunguka katikati yake wamepiga magoti mitume kumi na wawili, kila mmoja ana sura yake na joho lake lenye rangi yake, yaani vidogo vile lakini ukiinama unaona huyu mzee, huyu kijana, huyu kakunja viganja hivi. Juu ya vichwa vyao ananing'inia njiwa mweupe, na juu kabisa yuko Mungu Baba.

Sasa ukishashangaa huko juu, shusha macho kwenye kitako. Kuna maandishi yanazunguka, herufi za kizamani, Kireno cha miaka mia tano iliyopita, yanasema kwamba mfalme mtukufu na mwenye nguvu Dom Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya QVILOA, kikakamilika mwaka 1506. Quiloa ndo Kilwa. Kilwa hiihii ya kwetu, ile ya Kisiwani, ng'ambo ya maji ukisimama bandarini Masoko.

Nilienda kukiona na mama yangu alipokuja kunitembelea. Mama ni mwalimu mstaafu, kafundisha historia shule ya msingi karibu maisha yake yote ya kazi, na ile mada ya kuja kwa Wareno kaiandika ubaoni kwa chaki mpaka anaijua bila kitabu. Nilikuwa nimemwambia tu kuna kitu nataka ukione, sikumwambia ni nini. Akavaa miwani yake ya kusomea, akasogea mpaka mlinzi akamwonyesha ishara kwamba mama usiguse kioo, akarudi nyuma kidogo akaanza kufuatisha herufi kwa kidole hewani, akazunguka nazo, akafika pale. Akasoma mwenyewe kwa sauti: Kiloa. Alafu akaniangalia akasema, "Mwanangu, hii ni ile ya 1502."

Akaanza kunisomesha palepale, kwa sauti yake ileile ya darasani, na watu wawili watatu wamesimama pembeni hawaelewi lugha lakini wanaona kuna jambo. Kwamba Vasco da Gama safari yake ya kwanza alipita pwani yetu 1498, akafika Mombasa hawakuelewana, akaenda Malindi akapokelewa na kupewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut kule India. Safari ya pili, 1502, hakuja kama mgeni. Aliingia Kilwa na meli za vita zenye mizinga, akamwambia Amiri Ibrahim aliyekuwa anatawala akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na alipe kodi kila mwaka, la sivyo mji utateketezwa. Kodi ikatolewa, mithkali 1,500 za dhahabu, mithkali ni kipimo cha zamani cha uzito. Akarudi nayo Lisbon 1503, mfalme akaamua iwe sadaka kwa kanisa. Kisha 1505 zikaja meli nyingine chini ya Francisco de Almeida, hapo hakuna cha kodi tena, Kilwa ikatekwa na kuporwa na ngome ikajengwa, na wiki chache baadae Mombasa ikachomwa. Kwa hiyo huyu fundi anamalizia kazi yake 1506, kule dhahabu ilikotoka mji ulishavunjwa mwaka mmoja nyuma.

Na ile dhahabu nayo haikuwa imechimbwa Kilwa. Ilitoka bara, nyanda za Zimbabwe, inashuka mpaka Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, na Kilwa ndo ilikuwa imeshika biashara ya Sofala, ndo maana mji ulitajirika ukajenga msikiti mkuu ule wa kuba na matao na jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogea la pembe nane. Ibn Battuta alipita 1331 akausifu mji. Hivo kile chombo kina mikono mingi ndani yake: mchimbaji wa bara, mpagazi, nahodha wa Sofala, mfanyabiashara wa Kilwa, askari, fundi wa Lisbon. Maandishi yanamtaja mmoja tu, mfalme. Na Kilwa.

Mama alikaa pale muda mrefu. Nilidhani atakasirika, na pengine alikasirika, lakini alichosema cha kwanza baada ya historia ni kwamba "huyu fundi alikuwa fundi kweli", akaanza kunionyesha mikunjo ya majoho ya wale mitume. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Mama hakuona haja ya kuchagua kati ya kusifu kazi ya mkono na kusema mali ilipatikanaje, alivisema vyote viwili kwa pumzi moja, na mi nikaona hivi ndo mji mzee kama huu unatakiwa uangaliwe. Kila kitu kikubwa ukiulize kimejengwa kwa hela gani na ilitoka wapi, alafu ndo upige picha.

Belém tukaenda kesho yake. Kama mnaenda kumbukeni Jumatatu makumbusho mengi na hata ile monasteri vinafungwa, na siku nyingine wahini asubuhi maana foleni ya monasteri inakuwa ndefu kwenye jua kali na hakuna kivuli. Viatu nyayo iwe ya kushika, Lisbon nzima imetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi vya chokaa vilivyosuguliwa na miguu ya watu mpaka vinateleza, na ikinyesha ndo kabisa. Mama na magoti yake tulikuwa tunashuka vilima kwa kushikana mikono.

Monasteri ya Jerónimos nisiwadanganye, ni nzuri mno. Ilianzwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 na kazi ikaendelea karibu karne nzima, jiwe lake ni la chokaa la hapahapa, wanaliita lioz, jua la jioni likilipiga linakuwa rangi ya asali. Ukiangalia nguzo za ule ua wa ndani zimechongwa kamba za meli, vifundo, matumbawe, majani, tufe za kinajimu ambazo ni alama ya huyohuyo mfalme Manuel. Ni jengo la watu walioshikwa na bahari. Na hela yake ilitoka wapi? Mfalme alitenga asilimia 5 ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili na viungo na kadhalika, ikaja kujenga hapa. Kile chombo cha dhahabu pia mfalme alikiacha kwa monasteri hii kwenye wosia wake, ndo maana kinaitwa cha Belém wakati hakiko Belém tena. Kwahiyo ukiwa umekiona kwanza kule Janelas Verdes, ukija hapa unajua kinachokosekana.

Ukiingia kanisani, mara tu mlangoni, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama na kulia la mshairi Camões. Makaburi yenyewe ya mawe ni ya karne ya 19, juu kalala mtu wa jiwe amekunja mikono, ubavuni kumechongwa meli. Mwenyewe alifia Cochin, India, Desemba 1524, mifupa ikaletwa baadae. Watu wanapiga picha wanapita. Mama alisimama. Nilimuuliza unawaza nini akasema anawaza wanafunzi wake, miaka yote aliwaambia jina hili na wao wakaliandika madaftarini na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba lina kaburi unaloweza kwenda kuligusa. Alafu akaenda mbele kuangalia makaburi ya wafalme, ya Manuel yamebebwa na tembo wa marumaru, akawahesabia meno.

Mnara wa Belém nitaupita haraka. Ulijengwa kuanzia mwaka 1514, Francisco de Arruda ndo alisimamia, ulikuwa wa kulinda mdomo wa mto na baadae ukawa pia gereza. Ngazi za ndani ni nyembamba sana, kwa mzee haifai, na uzuri wake uko nje. Tafuteni tu kona moja chini ya vibanda vya walinzi kuna kichwa cha kifaru kimechongwa, kimeliwa na upepo wa chumvi. Huyo kifaru alikuwa wa kweli, alitoka Gujarat, India, akafika Lisbon Mei 1515 kama zawadi ya sultani wa huko, na mji mzima ulitoka kumshangaa.

Hapo katikati ya mnara na monasteri kuna mnara mwingine mkubwa mweupe kama meli, Padrão dos Descobrimentos, na huu watu wengi wanadhani ni wa zamani za kale. Sio wa kale. Ulijengwa kwanza 1940 kwa maonyesho tu, wakati wa dikteta Salazar, ukabomolewa, alafu ukajengwa upya kwa saruji na jiwe 1960. Chini yake kwenye sakafu kuna dira kubwa ya marumaru, upana mita 50, na katikati ramani ya dunia yenye meli na miaka, na hiyo dira ilikuwa zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya makaburu, 1960 hiyohiyo. Fikirieni huo mwaka. Nchi za Afrika zinapata uhuru moja baada ya nyingine, na hapa ndo wanasimamisha meli ya jiwe kuelekea baharini. Mimi sehemu hii naipeleka wageni makusudi, kwasababu inafundisha kwamba kumbukumbu inaweza kuwa na umri mdogo kuliko mama yako na bado ikavaa nguo za karne ya 15. Mama alitembea juu ya ile ramani mpaka akaipata pwani ya Afrika Mashariki, akasimama juu yake, akaniambia nipige picha.

Kutoka hapo rudini mjini mpaka Terreiro do Paço, ule uwanja mkubwa wa mbele ya mto wenye majengo ya manjano na sanamu ya mfalme José juu ya farasi. Hapa cha kuona ni kile ambacho hakipo. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi watu wako makanisani, tetemeko likapiga, waliokimbilia huku mtoni kwenye uwazi wakafuatwa na wimbi la bahari, na mishumaa na majiko yakawasha moto ulioteketeza mji siku kadhaa. Hapa palikuwa na jumba la mfalme na Casa da Índia, ile ofisi iliyosimamia biashara yote ya ng'ambo, hesabu za meli, ramani, karatasi za zaidi ya miaka mia mbili. Vyote vikaenda. Waziri wa mfalme, huyu anayejulikana kama Marquês de Pombal, akajenga upya mitaa yote ya Baixa kwa mistari iliyonyooka, na ndani ya kuta wakaweka fremu za mbao zilizopishana kama kizimba ili nyumba ikitikiswa isidondoke yote. Nyumba hizo bado zipo, watu wanakaa.

Kwanini nawaambia kuhusu Casa da Índia. Kwasababu ndani yake alifanya kazi mtu mmoja, João de Barros, na 1552 akachapisha historia ya Wareno huko mashariki ambamo ameweka nasaba na habari za masultani wa Kilwa, alizozipata kwenye tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji wenyewe kilichoandikwa na watu wetu. Nakala nyingine ya kitabu hicho kwa Kiarabu ilipatikana Zanzibar, Sultani Barghash akampa balozi wa Uingereza John Kirk 1877. Yaani historia ya mji wetu tunaijua kwa sehemu kupitia mikono ya ofisi iliyokuwa inahesabu kodi yake. Mama hakuwa analijua hilo la Barros. Alitoa kidaftari chake kwenye mkoba akaandika jina, tarehe, akaniuliza herufi za Kireno ninavyoandika, tukiwa tumekaa kwenye zile ngazi zinazoingia mtoni.

Panda sasa mpaka Carmo. Kanisa la Carmo lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1300 na lilidondoka paa kwenye lile tetemeko, na halikuezekwa tena, matao yake yamebaki wazi angani mpaka leo, ukisimama ndani unaona mawingu. Ni sehemu nzuri sana. Lakini msiingie mkatoka bila kukaa kidogo kwenye kile kiuwanja cha mbele, chini ya ile miti, kwasababu kwetu sisi hicho kiuwanja kina uzito kuliko hata kanisa. Pembeni yake ni kambi ya walinzi, na humo ndo alijifungia waziri mkuu Marcelo Caetano tarehe 25 Aprili 1974, wanajeshi vijana wakiongozwa na kapteni Salgueiro Maia wamemzunguka, watu wamejaa mpaka juu ya miti, jioni akasalimu amri. Wale maofisa walichoka na vita vya Afrika, Angola tangu 1961, Guinea-Bissau tangu 1963, Msumbiji tangu 1964. Watu wakawapa askari maua mekundu wakayachomeka kwenye bunduki, na udikteta wa karibu miaka hamsini ukaisha kwa siku moja.

Hapo sasa mimi ndo nilikuwa mwanafunzi na mama kumbukumbu zikamjia zenyewe. Mwaka huo alikuwa msichana wa shule. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam 1962, kiongozi wake Mondlane akauawa kwa bomu hapohapo Dar Februari 1969, na kambi kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, mkoa wetu huohuo wa Lindi. Mama anakumbuka malori ya usiku yakipita Nangurukuru kuelekea kusini, na wazazi wakiwaambia watoto wasiulize wala wasihesabu. Anakumbuka wakimbizi waliovuka Ruvuma, watoto waliokaa nao dawati moja. Habari za Lisbon zilivyotangazwa redioni babu alitoka nje kuwaita majirani. Mwaka mmoja mbele, Juni 25, 1975, Msumbiji ikawa huru. Mama akaangalia lile geti la kambi, walinzi wamesimama na magwanda yao ya sherehe, watalii wanakula aiskrimu, akasema, "Kumbe iliishia hapa."

Mimi naongeza kwamba haikuishia hapa, iliishia Nachingwea na Mueda na Guinea na misitu ya Angola, hapa ndo taarifa ilipopokelewa. Tulibishana kidogo kuhusu hilo, kwa heshima. Anayetaka kuendelea na njia hii aende pia Museu do Aljube karibu na kanisa kuu, lilikuwa gereza la wafungwa wa siasa, saivi ni makumbusho, na wapigania uhuru wa makoloni wamo. Na kulikuwa na Casa dos Estudantes do Império, nyumba ya wanafunzi kutoka makoloni, ilifunguliwa 1944 ili serikali iwaweke machoni, matokeo yake ndo wakakutana humo kina Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau na Agostinho Neto wa Angola, waliokuja kuongoza ukombozi, polisi wa siasa wakaja kuifunga 1965.

Alfama na Mouraria tembeeni tu wenyewe, hazihitaji maelekezo, mpotee. Jueni kwamba mpaka 1147 mji huu ulikuwa wa Waislamu, kanisa kuu lilijengwa penye msikiti na wachimbaji wamekuta mabaki kwenye ua wake, na walioshindwa wakasukumwa kukaa Mouraria nje ya ukuta, ndo jina lilipotoka. Vichochoro vyake mtu wa Mji Mkongwe hatavishangaa. Usiku mkisikia fado, zile nyimbo za Kireno za majonzi, mlangoni simameni msikilize, kimya, hawapendi makelele wakati mtu anaimba.

Sehemu ya mwisho niliyompeleka mama ni São Domingos, hatua chache kutoka Rossio. Nje kanisa la kawaida kabisa. Ukiingia ndani unashtuka: liliungua 1959, na walipolirudisha hawakuficha majeraha, nguzo zimebabuka, mawe yamepasuka na kumeguka, kuta rangi ya tope jekundu, na misa inaendelea humohumo. Mama aliniambia ni sehemu pekee ya Lisbon ambayo jengo linasema ukweli bila kuulizwa. Humu pia zamani palikuwa na ushirika wa Waafrika, Bibi Yetu wa Rozari wa watu weusi, waliokuwa wanasaidiana kuzikana na hata kununua uhuru wa wenzao. Maana katikati ya karne ya 16 karibu mtu mmoja kati ya kumi hapa Lisbon alikuwa mtumwa. Kuna mtaa unaitwa Poço dos Negros, kisima cha weusi, mfalme Manuel aliagiza 1515 lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa. Leo ni mtaa wa mikahawa ya kahawa nzuri. Nikipita napunguza mwendo.

Nje ya kanisa kuna jiwe la ukumbusho lenye nyota ya Daudi. Aprili 1506 kwa siku tatu watu wa mji, wakichochewa na mapadri, waliwaua mamia kwa mamia ya Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa, na ghasia zilianzia humuhumu São Domingos. Mama alisoma mwaka, akanyamaza, akasema ni mwaka ule wa kwenye kitako cha dhahabu. Nilikuwa nimepita hapo kila siku na sijawahi kuunganisha hizo mbili.

Kile kiuwanja siku zote kimejaa watu wa Guinea-Bissau, wazee wanaongea, kinamama wanauza karanga na mitishamba. Sasa tumekaa kwenye ukingo mama anapumzisha magoti, tunaongea zetu, akageuka mama mmoja wa makamo na kitenge chake akauliza, "Nyie watu wa wapi?" Kiswahili kabisa, cha lafudhi ya kusini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Mmwani, kabila la pwani ya Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, kazaliwa karibu na Mocímboa da Praia, kaja Ureno miaka mingi, kazi ya usafi. Mama alipomwambia Kilwa, yule mama akashika mkono wake akasema babu yake alikuwa anasafiri na mashua mpaka Kilwa kuuza samaki wakavu. Wakaanza kuulizana ndugu, koo, nani kaolewa wapi, na Lisbon yote ikawekwa pembeni kwa saa nzima. Tukaalikwa kula. Matapa ya majani ya muhogo na nazi na karanga, mama akasema hiki ni kisamvu, mwenyeji akasema basi na iwe kisamvu.

Ni hapo mezani ndo ulianza ubishi ambao mimi na mama bado hatujaumaliza. Mimi nasema kile chombo kije Kilwa, hata kwa mkopo wa miezi michache, watoto wa Kisiwani wakione. Mama anakataa. Anasema kikija kitalindwa na askari, watakiona viongozi, na kikirudi kitaacha watu na uchungu. Yeye anachotaka ni kazi ya maana kwenye magofu yenyewe. Kilwa iliingia urithi wa dunia 1981, ikawekwa kwenye orodha ya hatarini 2004 ikatolewa 2014, lakini bahari bado inakula ufukwe na kuta za matumbawe zinahitaji mafundi wa chokaa kila mwaka. Anasema Wareno wana mafundi mawe wazuri kupita kiasi, waje wafundishe vijana wetu, hiyo ndo kodi irudi. Alafu anataka pale penye kabati la kioo pawe na maelezo ya Kiswahili, na shule za Kilwa zipate picha kubwa safi ya kile kitako chenye jina la mji wao.

Ameandika barua kwa mkono, kurasa mbili za daftari la mistari, kichwa chake ni "Kwa Mkuu wa Makumbusho, YAH: Dhahabu ya Kilwa", na ameorodhesha hata aina ya chokaa inayofaa. Naitafsiri Kireno wiki hii. Nimemwomba niongeze sentensi moja ya lile wazo langu la mkopo, akasema andika barua yako.